Mstari wa Ishirini na Nne

Nchimunya Siabwanda alikuwa na imani chache, nazo alizishika barabara. Aliamini kwamba chai isiyo na karanga za kuchemsha pembeni ni maji ya moto tu. Aliamini kwamba faili lisilofunguka katika kila kompyuta, kuukuu au mpya, ni sanduku lililopotelewa na ufunguo. Na aliamini, kuliko yote, kwamba kanuni moja iliyoandikwa vizuri na kutumika katika safu nzima ina haki zaidi kuliko hukumu sitini zinazotolewa moja moja.

Kwa miaka kumi na mmoja alikuwa mtunza takwimu wa Kituo cha Mbegu cha Namunyati, nje kidogo ya Choma, na kwa miaka yote hiyo aliyaweka matokeo ya mashamba katika majedwali ya maandishi matupu. Hayakuwa na rangi wala nakshi: yalikuwa maneno na tarakimu tu, zilizotenganishwa kwa vijiti vya wima vilivyopangana kutoka juu hadi chini. Chini ya kila jedwali palikuwa na mstari mmoja unaobeba kanuni. Kwa jedwali la mtama, kanuni ilisema hivi: mavuno ni uzito wa punje, ukiondolewa unyevu uliozidi, ukagawanywa kwa eneo lililovunwa. Nchimunya alibonyeza vitufe viwili, na kanuni ikashuka safuni kama maji katika mfereji, ikijaza kila mstari bila kuuliza mwenye mstari ni nani.

"Bina Luyando, umejenga zizi jingine?" Likando Mubiana alizoea kumwuliza kila alipoviona vile vijiti vya wima, akimwita kwa jina la mwanawe wa kwanza kama ilivyo desturi ya Watonga.

"Nimejenga, tena nimefunga lango. Nimesikia Walozi wako njiani."

Watu hao wawili walikuwa watani, yeye Mtonga na mwenzake Mlozi, na utani wao, uliotokana na Walozi wa zamani kuteka ng'ombe wa Watonga, ulikuwa na umri mkubwa kuliko kituo chenyewe. Likando alikuwa fundi mkuu wa shamba. Yeye ndiye aliyepanda, aliyevuna na aliyepima. Nchimunya ndiye aliyeyapokea madaftari yake na kuyageuza majedwali.

Asubuhi ya kikao cha uteuzi, umeme ulikuwa umekatika tangu saa kumi na mbili, kama ratiba ya mgao ilivyoahidi, na baridi ya Julai ilipenya hata chini ya milango. Nchimunya alikuwa amejifunga chitenge juu ya koti, akisoma kwa mara ya tatu karatasi aliyoichapa na kuituma kwa wajumbe jana yake alasiri. Kikao kingeanza saa nne. Sheria yake ilikuwa fupi: aina yoyote ya mtama ambayo wastani wake ungekuwa chini ya ule wa mtama wa kulinganishia ingetolewa katika majaribio. Mbegu zake zingeondolewa katika chumba cha baridi, na msimu ujao isingepata hata kitalu kimoja.

Mtama wa kulinganishia ulikuwa na tani mbili na pointi saba kwa hekta. Aina ya ishirini na saba ilikuwa na mbili na pointi tano.

Ishirini na saba haikuwa namba tu kwake. Aliichukua kwa mikono yake katika bonde la Gwembe, mwaka ule wa ukame, kutoka katika shamba la mwanamke aitwaye Bina Mizinga. Mashamba yote ya jirani yalikuwa mabua makavu, na hilo peke yake lilikuwa na vichwa vilivyoinama kwa uzito. Sasa wanawake arobaini wa bonde lile walikuwa wameandikishwa kupokea mbegu yake kabla ya mvua za Novemba. Bila kibali cha leo, hakuna mbegu. Juzi tu Bina Mizinga alikuwa amepiga simu. "Ghala nimeshalipiga lipu," alisema. "Usije ukaniletea maneno badala ya mtama."

Nchimunya alikuwa amekwisha kujiambia lile aliloambia wengine mara nyingi: kanuni haina shemeji. Hata hivyo alikuwa ameyatembelea mashamba ya majaribio mwezi wa Aprili, na macho yake yalikuwa yameona kitu ambacho karatasi hii haikukisema.

Mlango ulifunguka bila kubishwa.

"Leo usiniite kwa jina," alisema Likando, kofia mkononi, karatasi kwapani. "Niite bingwa."

"Bingwa wa nini? Wa kuchambua miiba ya samaki?"

"Bingwa wa mtama, mama. Namba tisa imeongoza! Tatu na pointi mbili! Mbegu ya mchangani kwetu, ile uliyosema ni chakula cha kuku."

"Nilisema, na bado nasema."

"Sema na karatasi. Karatasi ni yako, vijiti ni vyako, kanuni ni yako. Mimi Mlozi maskini nimeletewa ushindi na Mtonga mwenyewe." Alivuta kiti, akaketi, akaikunjua karatasi juu ya goti kama mtu anayesoma barua ya mchumba. "Sikiliza. Kitalu cha kwanza, mbili na pointi nne. Sawa, tulikuwa tunapasha misuli. Cha pili, mbili na nusu. Cha tatu, nne na pointi sita! Nne na pointi sita, Bina Luyando! Hapo ndipo tulipowaacha mkihesabu ng'ombe."

Nchimunya hakucheka. Alikuwa ameinua uso taratibu.

"Ndate Likando," alisema, akimpa ile heshima ya Kilozi ambayo aliitumia tu anapoacha mzaha, "hicho kitalu cha tatu ulikipima kilo ngapi?"

"Nitakumbuka kila kifuko? Vilikuwa sitini."

"Umeandika. Soma safu ya uzito, mstari huohuo."

Likando alishusha kidole. "Mbili na pointi nne."

"Na unyevu?"

"Kumi na sita."

"Basi niambie, bingwa. Ni mtama gani unaoongezeka uzito baada ya kukauka?"

Kitalu kimoja kilivunwa mita kumi za mraba, na kwa eneo hilo kilo za kitaluni na tani za hekta hukaribiana sana. Unyevu ukiondolewa, tani huwa pungufu kidogo. Katika jedwali zima tarakimu hizo mbili zilitembea bega kwa bega kama ndugu. Katika mstari huu mmoja, ya pili ilikuwa karibu maradufu ya ya kwanza.

Likando aliitazama karatasi kwa muda. Bashasha yake haikuondoka ghafla. Iliondoka kama mgeni anayetafuta viatu vyake. "Kifuko chenyewe hakibebi kilo nne," alisema mwishowe. "Kingepasuka."

Nchimunya alikuwa amekwisha fungua kompyuta. Betri ilikuwa na nusu. Hakuwa na haja ya mtandao wala ya programu ya gharama. Jedwali lilijitokeza lilivyokuwa, vijiti vyake vimesimama wima. Alitafuta namba ishirini na saba na kuyaona yote kwa mara moja.

| aina | kitalu | uzito | unyevu | mavuno |
|   27 |      2 |   1.6 |     17 |    1.5 |

Kitalu cha pili cha ishirini na saba kilikuwa kile kilichoingiliwa na ng'ombe. Mwezi wa Aprili fahali watatu wa jirani walivunja uzio na kula nusu yake, nusu yote ya mashariki, kabla hawajafukuzwa. Likando alivuna mita tano zilizobaki. Kanuni ya safu ilijua mita kumi tu, kwa hiyo Mei, baada ya mavuno, Nchimunya aliongeza kauli ya pekee chini ya jedwali: mstari wa ishirini na nne ugawanywe kwa tano. Wakati huo mstari wa ishirini na nne ulikuwa ndio huo, kwa sababu jedwali lilifuata mpangilio wa shamba, kitalu kwa kitalu, kama mtu anavyotembea.

Lakini jana, kabla ya kuchapa, alitaka wajumbe wasome kwa urahisi. Alilipanga jedwali upya kwa namba za aina, kuanzia ndogo hadi kubwa. Mistari ilihama, kila mmoja na tarakimu zake. Kauli ya pekee haikuhama. Haikuwahi kujua chochote kuhusu ng'ombe wala kuhusu ishirini na saba. Ilijua nafasi, na katika nafasi ile sasa alikuwa ameketi mwingine: namba tisa, kitalu cha tatu.

"Ni mimi," alisema Nchimunya. "Jana saa tisa na nusu, kwa mkono wangu huu."

Aliyasema bila kujipiga kifua na bila kujitetea, kama mtu anayetaja tarehe. Aibu aliihisi, ikapanda mpaka masikioni, lakini hakuiruhusu iketi. Saa ilikuwa mbili na dakika hamsini.

"Unafanyaje?"

"Kitalu cha pili cha ishirini na saba sasa kiko mstari wa hamsini na tatu. Nabadilisha ishirini na nne kuwa hamsini na tatu, basi." Vidole vyake vilikuwa vimekwisha fika kwenye kanuni.

"Na wale wajumbe wakitaka lipangwe kwa mavuno, aliye bora juu?"

"Nitabadilisha tena."

Likando aliguna. "Ninyi Watonga, ndiyo maana tuliwachukulia mifugo bila jasho. Unadhani babu yangu alipoingia zizini kwenu alihesabu nafasi? 'Nipeni ng'ombe wa ishirini na nne kutoka mlangoni'? Ng'ombe wanazunguka! Alitazama sikio. Alama iko sikioni, na sikio linakwenda na ng'ombe."

Nchimunya alisimamisha vidole.

Kisha akaanza kutabasamu, polepole, tabasamu la mtu aliyepewa kitu kizuri na mtani na kulazimika kukipokea. "Rudia."

"Nirudie nini? Kwamba tuliwaibia?"

"Kwamba alama iko sikioni."

Aliifuta ile kauli ya pekee yote. Kisha akafungua safu mpya kati ya unyevu na mavuno, akaipa jina: eneo. Alijaza kumi katika mistari hamsini na tisa. Katika mstari wa ishirini na saba, kitalu cha pili, aliandika tano. Halafu akairudia kanuni yenyewe, na pale ilipokuwa imeandikwa kumi, akaitoa ile kumi na kuielekeza kanuni isome eneo la mstari husika. Sasa hapakuwa na nafasi ya upendeleo wala ya msamaha. Kila mstari ulibeba habari yake wenyewe, na kanuni ilibaki moja tu kutoka kichwani hadi miguuni. Alijiuliza ni kwa nini hakufanya hivyo mwezi wa Mei, akajijibu palepale: kwa sababu mwezi wa Mei kilikuwa kitalu kimoja tu, na kiburi cha mtu mwenye ujuzi hupenda kuziba tundu moja kwa kidole.

Alibonyeza vitufe viwili.

| aina | kitalu | uzito | unyevu | eneo | mavuno |
|    9 |      3 |   2.4 |     16 |   10 |    2.3 |
|   27 |      2 |   1.6 |     17 |    5 |    3.0 |

Wastani wa ishirini na saba ulipanda hadi tatu kamili. Wastani wa tisa ulishuka hadi mbili na pointi nne, chini ya mtama wa kulinganishia.

Likando aliinama karibu na kioo, akasoma mara mbili. Namba tisa alikuwa ameilea misimu minne. Mama yake ndiye aliyemtumia konzi ya kwanza ya mbegu kutoka Mongu, imefungwa katika kitambaa.

"Pole, Ndate," alisema Nchimunya.

"Ningenyamaza na hadithi za babu," alisema Likando, akaivaa kofia yake. "Twende. Utahitaji daftari langu."

Daktari Kapembwa, mwenyekiti wa kamati, alikuwa mtu wa Kaskazini, mwembamba, mwenye miwani ya kamba na adabu kavu. Wajumbe wawili wengine waliketi kushoto na kulia kwake, wamevaa makoti ndani ya nyumba. Aliwasikiliza mpaka mwisho bila kukatiza, kisha akaigusa karatasi yake kwa kalamu.

"Bi Siabwanda, karatasi zilifungwa jana saa kumi na moja."

"Zilifungwa, Ba Daktari," alisema, akitanguliza ile "Ba" ya heshima. "Na zilifungwa zikiwa na kosa."

"Kosa la nani?"

"Langu. Nilipanga mistari bila kuangalia kwamba kanuni yangu moja inashika nafasi badala ya kushika kitalu."

"Na leo, saa moja kabla ya kikao, aina iliyokuwa ya kwanza inatoka, na iliyokuwa inatoka inaingia. Tena iliyoingia, nimearifiwa, uliichukua wewe mwenyewe bondeni." Sauti yake haikuwa na ukali, ndiyo maana ilikata. "Umeme hakuna. Huwezi hata kuchapa upya. Unataka tuamini nini?"

"Sitaki mniamini," alisema Nchimunya. "Nataka mhesabu. Naomba simu yako."

Mwenyekiti alisita, akampa. Dakika haikupita, jedwali lilikuwa limetoka katika kompyuta ya Nchimunya na kuingia kwenye simu yake, na kwenye simu za wajumbe wengine wawili, vijiti na tarakimu vilevile, bila kudai programu wala nywila. "Kila tarakimu iko wazi," alisema Nchimunya. "Kanuni iko chini, mstari mmoja, mnaweza kuisoma kwa macho. La jana pia nimewatumia, lina kauli yake ya kosa, sikuifuta. Chukua mstari wowote, Ba Daktari, na kalamu yako. Ukikuta tofauti, itoe ishirini na saba sasa hivi na mimi nitaandika barua."

Mwenyekiti alichagua mistari minne, mmoja wa mwanzo, mmoja wa katikati, ule wa tisa, na ule wa ishirini na saba. Alizidisha kwa mkono kama mwanafunzi, akibeba tarakimu pembeni. Mjumbe wa kushoto alisogeza kiti ili aone.

"Hesabu ni sahihi," alisema hatimaye. "Lakini hesabu inategemea hii tano. Kama kitalu kilivunwa chote, ishirini na saba imeanguka. Nani anathibitisha kwamba ilikuwa nusu?"

Likando alisogea, akaweka daftari mezani. Lilikuwa na madoa ya udongo na harufu ya ghala. Katika ukurasa wa mwezi wa Mei, kwa penseli, chini ya namba ya kitalu hicho shambani: *24. Nusu imeliwa na ng'ombe. Kimevunwa mita tano. Kilo 1.6.*

"Mwandiko wako?"

"Wangu, Ba Kapembwa. Na nusu nyingine iliingia tumboni mwa fahali watatu. Wa Kitonga, kwa hiyo hawana adabu."

Mjumbe wa kulia alikohoa ili asicheke.

"Na namba tisa ni mbegu yako."

"Nimeilea misimu minne."

"Unajua kwamba daftari hili linaitoa?"

"Najua." Likando alitazama mikono yake, kisha akainua uso, na ule uchangamfu wake wa asubuhi ukarudi, mdogo, lakini wake. "Mlozi akiiba, mzee wangu, huiba ng'ombe. Takwimu haibi. Haziliwi."

Safari hii hata mwenyekiti alicheka, cheko fupi lililomshangaza mwenyewe. Akavua miwani, akaifuta, akairudisha. "Andikeni," aliwaambia wenzake. "Jedwali la leo ndilo la kikao. La jana lihifadhiwe nalo, na maelezo ya kosa." Kisha, kwa Nchimunya: "Maelezo hayo utayaandika wewe, na yatasomwa na vituo vingine. Siyo adhabu. Nina shaka kuna kauli za pekee nyingi zinazolala chini ya majedwali ya nchi hii."

"Nitaandika," alisema Nchimunya. "Na kosa nitaliita kwa jina lake."

Saa sita walipotoka, ishirini na saba ilikuwa imeidhinishwa. Nchimunya alisimama upenuni, mahali ambapo jua lilifika, akapiga simu bondeni.

"Lete habari," alisema Bina Mizinga, kwa sauti ya mtu aliyeketi juu ya simu tangu alfajiri.

"Lipu imekauka?"

"Imekauka zamani."

"Basi fagia ghala."

Kilichofuata katika simu hakikuwa maneno. Vilikuwa vigelegele, na nyuma yake vigelegele vya wanawake wengine, wengi, kana kwamba bonde zima lilikuwa limebana pumzi uani kwa Bina Mizinga.

Aliporudi ofisini umeme ulikuwa umerejea, na Likando alikuwa ameketi kwenye kiti cha Nchimunya, mbele ya kompyuta, kifuko cha kitambaa kando ya kikombe cha chai. Kilikuwa na mbegu za tisa. Aliziomba kabla hazijatolewa chumba cha baridi, azirudishe mchangani kwa mama yake, ambako hakuna kamati.

"Unafanya nini kwenye zizi langu?"

"Najaribu kuiba," alisema Likando bila kugeuka. Alikuwa amelipanga jedwali kwa unyevu, akabonyeza vitufe viwili kama alivyomwona akifanya. Akalipanga kwa uzito, akabonyeza. Akaligeuza juu chini, wa mwisho awe wa kwanza. Kila mara mistari ilizunguka kama mifugo iliyoshtuliwa, na kila mara alishusha kidole kuitafuta ishirini na saba, kitalu cha pili, popote ilipokimbilia.

"Enhe?"

"Tatu," alisema. "Tatu. Tatu tena, shetani huyu." Aliegemea kiti, akachukua karanga katika sahani ya Nchimunya bila kuomba. "Lango limefungwa, Bina Luyando. Kwa mara ya kwanza tangu enzi za babu, Mlozi anarudi nyumbani mikono mitupu."

"Si mitupu," alisema Nchimunya, akimsogezea sahani. "Umekula karanga zangu zote."